Kipande Kilichokwenda Kliniki

Hakuna mtu chini ya jua anayejua kusimulia habari za chuma kilichoyeyuka kunishinda mimi. Ingawa, tukisema kweli, chuma pekee nilichowahi kukitawala maishani ni sindano, nayo imo ndani ya godoro langu tangu mwaka juzi, na hakuna mgeni anayekubali kulala upande ule. Basi nisikilizeni hivyo hivyo. Kisa chenyewe si changu, ni cha Bi Mchi.

Majirani walimwita Bi Mchi kwa sababu kila asubuhi, kabla redio hazijawashwa, nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikisikika: ko, ko, ko. Hakuwa akitwanga nafaka. Alikuwa akiponda vitunguu saumu vya mumewe. Mume alikuwa na presha, na daktari alimwagiza apunguze chumvi, apunguze maneno, na ale saumu kila siku. Mume akachagua saumu.

Alizila kwa bidii, mbichi na zilizopikwa, mpaka mafundi waliokuwa chini yake wakazoea kupokea amri kutoka umbali wa hatua tatu. Yeye alidhani ni heshima.

Kiwandani aliitwa Rula. Jina alijipa mwenyewe, halafu akawa analalamika kwamba watu wamempachika. Alikuwa msimamizi wa mtambo wa kumimina chuma, ule unaomimina bila kukatisha, na kwa maelezo yake mtambo ule ulimhitaji yeye kuliko ulivyohitaji umeme. Bi Mchi hakuwahi kukanyaga kiwandani, lakini habari za chuma alizijua kama alivyozijua sufuria zake, maana kila siku mezani alikuwa akifundishwa upya, atake asitake.

"Tazama uji huu," Rula alikuwa akisema, kijiko hewani. "Ukiumimina kwenye bakuli unashika umbo la nini? La bakuli. Ukikaa kidogo juu unaota nini? Utando. Basi chuma ni hivyo hivyo. Kinatoka kwenye tanuru kikiwa maji, kinamiminwa kwenye beseni, kutoka kwenye beseni kinashuka kwenye kalibu. Na kalibu ni nini?"

"Bomba la shaba nyekundu," Bi Mchi alijibu kama mtoto wa darasa la pili. "Lina pembe nne, halina kitako, na maji baridi yanalizunguka kwa nje."

"Ehee. Chuma kikigusa shaba, ngozi yake inaganda. Ndani bado uji. Sisi tunakivuta chini polepole, hakuna kusimama, unatoka mche mwekundu usio na mwisho, kama mche wa sabuni. Chini kule moto wa gesi unaukata vipande. Sasa niulize, nini kinafanya pembe zote nne zilingane?"

"Nini?"

"Jicho." Akajigusa jicho la kulia. "La kushoto ni la akiba."

Sasa, kulikuwa na kipande. Siku mtambo ulipowashwa mara ya kwanza, miaka minane nyuma, wale waliokuja kuufunga wakiwa bado hawajaondoka, walikata kipande kutoka kwenye mche wa kwanza kabisa. Kilikuwa na upana wa kiganja kila upande na unene wa vidole viwili, kimesuguliwa uso mmoja mpaka unajiona meno. Rula alikileta nyumbani ndani ya shati kama mtu aliyeokota mtoto. Akakiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya glasi za harusi, na kila mgeni akapelekwa kukitazama kabla hajapewa kiti.

Kilikaa kabatini majuma mawili. Juma la tatu jiwe la Bi Mchi la kupondea likapasuka vipande viwili. Akatazama jikoni, akatazama sebuleni, akafungua kabati. Kizito, bapa, hakichubuki, hakinywi maji ya saumu. Rula alipokikuta kwenye meza ya jikoni kimelala juu ya maganda, alitaka kulia. Alipoonja mboga, akanyamaza.

Miaka ikaenda. Kisha, miezi minne kabla ya haya ninayotaka kuwaeleza, kipande kikaanza kutoweka kila Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza Bi Mchi alipindua jiko zima. Jioni mumewe akarudi nacho ndani ya mkoba, kisafi, kina alama ya chaki iliyofutwa nusunusu.

"Nilikipeleka kupimwa," alisema.

"Kinaumwa?"

"Chuma kikikaa karibu na joto la jikoni hupungua, mke wangu. Ni sayansi. Lazima kipimwe kila wiki."

Bi Mchi alikuwa amelea watoto wanne na wote amewapeleka kliniki kupimwa uzito mpaka walipofika umri wa kukimbia wasikamatike. Jambo la kupima kitu kila wiki halikumshangaza. Ikawa desturi ya nyumba. Jumatano jioni angeuliza, "Kesho kliniki?" na Rula angejibu, "Kesho kliniki." Alhamisi akirudi, mke angeuliza, "Kimeongezeka?" na mume angesema, "Hakijapungua, na hilo ndilo la maana." Na mimi nawaambia, ndoa nyingi zinaishi miaka kwa mazungumzo yenye akili kidogo kuliko hayo.

Jumapili moja akaja kaka yake Bi Mchi. Huyu kiwandani alijulikana kwa jina la Koleo, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa banda la chini, kule ambako miche inayotoka kwa Rula hupashwa moto tena, ikapitishwa kwenye rola zinazoikamua mpaka ikawa nondo. Bi Mchi hakuwa na ndugu mwingine. Koleo ndiye aliyemshika mkono kumpeleka darasa la kwanza, na ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi, jambo ambalo mama yao hakuwasamehe wote wawili. Siku hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Shemeji," alisema hata kabla hajanawa, "miche yako ni uru."

"Uru gani?" Rula akauliza.

"Uru wa karata. Kona mbili zimeingia ndani, kona mbili zimetoka nje. Nikiutia kwenye rola unajinyonga kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Ijumaa mmoja umeruka nje ukanipitia hapa." Akainua mkono. "Ungenyanyuka kidogo tu, leo mngekuwa mmekaa hapa mnanisifia, na mimi sisikii."

"Pole, kaka," alisema Bi Mchi, akamsogezea bakuli ili ale kwa mkono wa kushoto na kijiko.

Rula alitafuna taratibu. "Kwangu unatoka mraba, shemeji. Kila Alhamisi mimi mwenyewe nakata kipande kutoka kwenye mche wa asubuhi, nakipoza kwenye ndoo ya maji, nakipeleka mezani kwa Meneja. Kinapimwa kona kwa kona, huku na huku. Vipimo viwili vikilingana ni mraba. Miezi minne vinalingana! Sasa kitu kikitoka juu mraba na kufika chini uru, kimepitia mikononi mwa nani?"

"Hayo ndiyo aliyoniambia Meneja," Koleo akasema, sauti ikishuka. "Alhamisi hii kipande kikitoka mraba tena, basi kosa ni la banda langu. Naondoka siku hiyo hiyo. Miaka ishirini na sita, shemeji, naambiwa nimesahau kushika chuma."

"Mikono ikizeeka hata kijiko kinaponyoka," Rula akasema kwa huruma kubwa, akajiongezea mboga.

Hapo ndipo mkono wa Bi Mchi uliposimama juu ya sahani. Kila Alhamisi.

"Kaka," akauliza, "hicho kipande kikishapimwa kinawekwa wapi?"

"Kinatupwa kwenye pipa la chakavu pale mlangoni, kikayeyushwe upya. Hakuna anayekitunza. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Rula alikuwa amepaliwa. Alikohoa mpaka macho yote mawili, la kazi na la akiba, yakatoka machozi. "Saumu za leo kali," alisema.

Msidhani Bi Mchi aliruka hapo hapo akapiga kelele. Mume ni mume. Huyu ndiye aliyekesha naye hospitalini mtoto wa tatu alipovunjika mguu, na ndiye aliyekuwa akimkuna mgongo pale asipofika. Tena Alhamisi hiyo hiyo Rula alitarajia kupewa ukuu wa karakana nzima, ya juu na ya chini, na shati la siku hiyo lilikuwa tayari limetundikwa mlangoni, jeupe, mifuko miwili, linawatazama. Akajiambia labda kuna kipande kingine. Kiwanda kizima hakiwezi kukosa kipande kingine.

Jumatano jioni hakuuliza kama kesho kliniki. Alisema, "Kesho kipumzike. Nina mboga nyingi ya kupika."

"Kesho?" Rula akashtuka. "Kesho ndiyo siku yenyewe!"

"Siku ya nini?"

"Ya... ya kipimo kikubwa. Cha mwaka."

Bi Mchi akakunja nguo mbili tatu. "Na kaka yangu ataondoka kweli?"

"Akiondoka atapumzika. Mimi nikiwa mkuu nitamtafutia kitu. Hata kufagia."

Wakalala.

Asubuhi Rula alivaa shati jipya, akajitazama, akaona mkoba wake wa zamani unaliaibisha shati. Akahamishia vitu vyake kwenye mkoba mwingine: miwani, chaki, kitana, dawa ya presha. Shati lilimpanda kichwani. Akatoka akitembea kama mtu anayepigwa picha, na kipande kikabaki mezani jikoni. Bi Mchi alikiona. Akamenya saumu zake, akaanza kazi, ko, ko, ko.

Saa nne simu ikalia.

"Mke wangu." Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejifungia ndani ya kabati. "Kile chuma kiko wapi?"

"Kiko mbele yangu. Kiko kazini."

"Kifunge kwenye kitambaa ukilete. Kiweke chini ya chakula changu. Usimwambie mtu yeyote."

"Si kipimwe wiki ijayo? Ninavyokiona hakijapungua."

"Mwanamke, kimbia!"

Simu ikakatwa. Bi Mchi alikitazama kipande. Uso wote ulikuwa umeloa maji ya saumu, na vipande vyake vidogo vimenata kwenye kingo. Alinyoosha mkono kuchukua kitambaa kibichi akifute, kama alivyokifuta kila siku kwa miaka minane. Akasita. Ameambiwa akimbie, kufuta hakuambiwa. Akakifunga kilivyo, akakiweka chini ya kapu, juu yake hotipoti, na kitambaa kibichi akakitia mfukoni, endapo angebadili nia njiani. Jiko akalizima, mboga akaiacha nusu.

Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa kuchunguza. "Mama, kapuni kuna nini?"

"Chakula. Na chuma."

"Chuma?"

"Chuma."

Mlinzi akafikiri. "Mama, hapa watu huwa wanatoka na chuma kwa kuiba. Hawaingii nacho. Sina kitabu cha kuandika hilo. Pita."

Akapewa kofia ngumu iliyomfika puani, na wa kumsindikiza akawa mzee mmoja mwenye mabuti marefu, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mabomba ya maji ya mtambo. Wote walimwita Mzee wa Maji. Alimpitisha chini ya jukwaa, na huko Bi Mchi akauona kwa macho mche aliosimuliwa miaka yote ile. Ulikuwa ukishuka kutoka juu, mwekundu, unang'aa, umejikunja kidogo kama mtu anayeshuka ngazi ameshika kiuno, kisha magurudumu yanaunyoosha na kuulaza. Ulirushiwa maji pande zote, mvuke ukapanda. Hakuona mahali ambapo jicho la mumewe lilikuwa likihusika.

"Mzuri," alisema.

"Mzuri wa mbali," Mzee wa Maji akajibu. "Umeona upande ule? Maji hayarushwi, yanadondoka. Midomo ya mabomba imeziba kwa chokaa."

"Kama birika?"

"Kama birika hasa! Sasa upande mmoja ngozi inaganda nene, upande mwingine nyembamba. Nene inajivuta, nyembamba inafuata, mche unalegea kona. Mwezi wa tano huu namwambia bwana yule. Saa tatu tu, mama, asimamishe mtambo nizibue kila mdomo kwa waya na dawa. Hataki."

"Hataki kwa nini?"

"Akisimamisha, ataulizwa kwa nini anasimamisha. Ananiambia, 'Mzee, umbo liko kwenye jicho langu, wewe kaa na maji yako.'" Akatema pembeni. "Basi nimekaa na maji yangu. Nayo yamekaa na chokaa yake."

Walitokea uani, ambako miche iliyopoa ilikuwa imepangwa kama kuni. Bi Mchi aliomba kupumzika kidogo, kapu zito. Mzee wa Maji alipogeuka kusalimiana na mtu wa winchi, yeye alifungua kitambaa, akatoa kipande chake, akakiegemeza kwenye kichwa cha mche uliokuwa karibu. Kona moja ya mche ikachungulia nje. Kona ya pili ya kipande ikabaki hewani, haina kitu nyuma yake. Akajaribu mche wa pili. Ule ule uru. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi. Ungeutumia kuchezea karata.

Akakifunga tena polepole. Mawazo yake hayakuwa kwa mume wakati ule. Yalikuwa kwenye ile bandeji, kutoka kifundo hadi kiwiko.

Rula alikuwa akimsubiri nje ya chumba cha vipimo, shati limelowa makwapani. "Umechelewa! Lete."

Bi Mchi hakuliachia kapu. "Kaka yumo ndani?"

"Yumo. Lete."

"Mume wangu," alisema kwa upole kabisa, kama anayemwambia mtu ana uchafu shavuni, "ukiingia humo ukasema mabomba yana chokaa, ukaomba saa tatu, watakufanya nini? Watakugombeza. Kisha yatazibuliwa. Mkono utapona, kaka atabaki, na wewe utabaki na jicho lako."

"Na ukuu?"

"Ukuu utakuja siku nyingine."

Rula akamtazama, na kwa muda mfupi, kama wa kuhesabu mpaka tano, Bi Mchi alidhani amempata. Kisha macho yakateremka kwenye mifuko miwili ya shati.

"Wewe jua mambo ya vitunguu," akasema. Akaingiza mkono chini ya hotipoti, akakitoa kipande, akachukua chaki akakiandika namba ya asubuhi ile. Chaki iliteleza mara mbili. Akaipaka mate, akaandika kwa nguvu. Harufu hakuisikia. Mtu aliyekula saumu kila siku mpaka jasho lake linaweza kuunga mboga, atasikia nini?

Kitambaa kibichi kilikuwa mfukoni mwa Bi Mchi. Akakigusa, akakiacha palepale.

"Rudi nyumbani," Rula akamwambia.

"Nasubiri hotipoti."

Meneja alikuwa mwanamke mwembamba, mgeni kiwandani, miwani imening'inia shingoni, mtu wa kupima kitu kwanza ndipo akisalimie. Koleo alisimama ukutani, amevaa ovaroli safi, kofia ameishika kwa mikono miwili kama aliyekuja kuaga maiti. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na Bi Mchi akabaki kizingitini na kapu lake.

Rula akakiweka kipande mezani kwa kishindo. "Mche wa leo!"

Meneja alichukua kile kipimo chenye taya mbili. Kona kwa kona. "Mia moja arobaini na moja, na nukta nne." Akageuza. Kona nyingine. "Mia moja arobaini na moja, nukta nne." Akaandika. Koleo akainamisha kichwa, na Bi Mchi akaona mkono wenye bandeji ukiifinya ile kofia.

"Nilimwambia shemeji," Rula alisema kwa huzuni ya kujaa. "Nilimwambia, chuma hakina upendeleo."

Meneja alivuta pumzi, akasogea nyuma hatua moja kutoka kwa Rula, kama walivyozoea kufanya wote. Akasimama. Akavuta pumzi tena. Akarudi mezani, akainama, akakiinua kipande mpaka puani.

"Hiki kinanuka."

"Kinanuka?" Rula akauliza.

"Vitunguu saumu."

"Ah, hiyo!" Rula akacheka. "Ni unga, Meneja. Ule unga tunaonyunyizia juu ya chuma ndani ya kalibu, kisigande juu, kiteleze vizuri. Ni wa aina mpya. Una harufu kidogo."

"Unga uliopita kwenye chuma kinachoyeyuka, ukabaki na harufu ya jikoni?"

"Ndio maana ni ghali."

Meneja akakwangua ukingo kwa ukucha. Akatoa kitu kidogo cheupe, akakitazama kwa miwani. "Na huu ni unga pia?"

"Huo ni... huo ni takataka ya chuma. Inatokea mara nyingi. Inaelea juu, unajua, kama povu."

"Nasikia njaa," Koleo alisema kutoka ukutani, bila kukusudia.

"Kilikatwa lini?" Meneja akauliza.

"Leo. Saa moja na nusu asubuhi. Nilikishika mwenyewe kwa koleo, kikiwa bado chekundu, nikakitosa kwenye ndoo kwa mkono huu." Akauinua mkono. "Kama ninasema uongo, mtambo ule usimame sasa hivi!"

Mtambo haukusimama. Ungependa, maskini, mwezi wa tano ulikuwa ukiomba.

Bi Mchi akakohoa kizingitini.

"Baba watoto," alisema, "samahani nawaingilia. Ukishamaliza nacho, nirudishie. Mboga nimeiacha jikoni, na nusu ya saumu bado sijaiponda."

Meneja alivua miwani. "Mama, hiki ni cha kwako?"

"Ni cha nyumbani. Mwaka wa nane huu. Huwa anakileta kliniki kila Alhamisi, anasema kisije kikapungua. Hicho hicho nimetoka kukiegemeza kwenye miche iliyo hapo uani, Meneja. Hakikai hata mmoja. Mzee wa Maji atakuonyesha sababu, ni kama birika tu."

Meneja akageuka kwa Rula. Koleo akageuka kwa Rula. Jicho la kulia la Rula lilikwenda mlangoni, la kushoto likaenda kwenye kipande, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, yote mawili yakafanya kazi kwa pamoja bila kumsaidia.

"Meneja," alisema, akikunja kola ya shati, "huyu mama mimi simjui. Siku hizi wanaingia watu ovyo. Itabidi tuzungumze na mlinzi."

Koleo aliiweka kofia yake mezani taratibu, karibu na kipande. Akasogea mpaka zikabaki hatua mbili, mahali ambapo hakuna fundi aliyewahi kusimama kwa hiari.

"Humjui, shemeji?" akauliza. "Basi hiyo saumu iliyo mdomoni mwako, amekupondea nani?"